Nyasi za Karagwe na Mwaloni wa Uingereza: Nani Amesema Urithi ni Mawe Pekee?

Tanzania inajua kulinda mawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ukafuata mwaka 2000. Hayo ni mambo mema, nami siyalalamikii. Lakini ukiondoka pwani ukasafiri hadi mpaka wetu wa magharibi, ukafika Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera, unaingia katika ardhi iliyokuwa na ufalme mkubwa, wenye ikulu, wahunzi, hazina na wageni kutoka mbali, ambao majengo yake makuu hayakuwa ya mawe. Yalikuwa ya miti, matete na nyasi. Kwa kuwa hayakuwa ya mawe, tumeyaacha yafe, kisha tunaambiana kwamba Wanyambo hawakuacha majengo.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Msonge wa Karagwe hauuawi na mvua wala mchwa. Mvua na mchwa vilikuwapo tangu zamani, na msonge uliishi navyo karne nyingi. Unauawa na fikra iliyomo vichwani mwetu na katika vitabu vyetu vya sheria, inayodhani kwamba jengo ni urithi pale tu vitu vilivyolijenga vinapodumu. Nitajaribu kuonyesha kwamba fikra hiyo ni potofu, na kwamba hata Waingereza, ambao tunapenda kuwatolea mfano kila tunapotaka kujidharau, hawakuilinda nyumba yao ya kale kwa fikra hiyo.

Nianze na nyumba yenyewe, kwa kuwa wapo wasomaji vijana ambao wameiona katika picha tu. Msonge ni nyumba ya mviringo yenye umbo la mzinga wa nyuki. Hauna ukuta na paa kama vitu viwili vinavyotengana. Nyasi zinaanzia kileleni na kuteremka hadi karibu na ardhi, zikiwa zimeshikiliwa na kiunzi cha fito na pete za matete zilizofungwa kwa kamba. Ndani kuna nguzo zinazobeba uzito, na kati ya nguzo kuna viambaza vya matete vinavyogawa nyumba: mahali pa kupokelea wageni, mahali pa kulala, na, kwa wenye mifugo, mahali pa ndama au ng'ombe. Sakafu hutandikwa nyasi. Moto huwaka ndani, na hakuna dohani. Moshi hupanda taratibu na kupenya katika nyasi za paa, na kwa kupenya huko huzikausha na kuwafukuza wadudu. Anayeingia kwa mara ya kwanza hudhani moshi ni kasoro ya nyumba. Kumbe ni sehemu ya matunzo yake. Nyumba isiyowashwa moto huoza mapema.

Katika nyumba za namna hii ndimo historia ya Karagwe ilimofanyika. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, wakapokewa kwa ukarimu ambao Speke aliusimulia baadaye katika kitabu chake. Ziwa dogo lililokuwa chini ya makao hayo liliwakumbusha ziwa la Windermere la nchini kwao, wakaliita Windermere Dogo. Mwezi Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya Buganda, akamwacha Grant aliyekuwa anaugua mguu. Mwaka 1876 alifika Henry Morton Stanley, akaoneshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, na katika kitabu chake akachapisha mchoro wa silaha na vitu vya thamani vilivyokuwamo. Tafakari jambo hilo, msomaji wangu. Kabla hatujawa na Makumbusho ya Taifa, kabla hata ya kuwapo nchi inayoitwa Tanganyika, Karagwe ilikuwa na nyumba maalumu ya kutunzia mali za wafalme waliotangulia, na mgeni aliingizwa humo kwa heshima ili azione.

Sasa tuvuke bahari. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Uingereza, nilipata kuzuru kijiji cha Alfriston katika jimbo la Sussex, kuitazama nyumba moja iliyojengwa katika karne ya 14. Sikwenda kwa sababu za usanifu. Nilikwenda kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mapumziko na nauli ilikuwa nafuu. Lakini nilipoifikia nilisimama muda mrefu. Kiunzi chake ni cha miti ya mwaloni, iliyounganishwa kwa ndimi zinazoingia katika matundu na kukazwa kwa vigingi vya mbao. Nafasi kati ya mti na mti huzibwa kwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na juu yake ikapakwa chokaa. Paa ni la kuezeka. Katikati ya nyumba kuna ukumbi ambao hapo zamani moto uliwaka sakafuni, bila dohani, moshi ukipanda na kupenya katika paa. Katika nyumba kadhaa za kale za jimbo la Devon, wataalamu wamekuta matabaka ya chini ya nyasi za paa yakiwa bado meusi kwa masizi ya moto wa karne za kati.

Fito, kukandika, kuezeka, moto wa katikati, moshi wa kuhifadhi paa. Mtoto wa Kyerwa hahitaji mkalimani kuielewa nyumba hiyo. Tofauti zipo, na ni kubwa: yao ni ya pembe nne, yetu ni ya mviringo, yao ina kuta zilizotengana na paa, yetu haina, mwaloni wao hudumu karne nyingi, miti yetu hudumu miaka michache. Lakini elimu iliyomo ni ya ukoo mmoja. Ni elimu ya mtu anayejenga kwa kile kinachoota karibu naye, akijua uzito wake, unyumbufu wake na umri wake.

Na hapa ndipo kisa kinapoanza kutuhusu. Nyumba hiyo ya Alfriston haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya mkulima mwenye uwezo wa wastani, ambayo baadaye ilitumiwa na wahudumu wa kanisa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa karibu kuanguka, na wapo waliokuwa tayari kuibomoa. Mwaka 1896 shirika la National Trust, lililokuwa limeundwa mwaka mmoja tu kabla, liliinunua kwa pauni 10. Hilo ndilo lilikuwa jengo la kwanza kununuliwa na shirika hilo ambalo leo linamiliki majumba makubwa ya makabaila. Walianza na nyumba ya mkulima, iliyokandikwa udongo na kuezekwa.

Kitendo hicho hakikutoka hewani. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya Stanley kuondoka Karagwe, William Morris na wenzake walikuwa wameanzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, wakihubiri kwamba jengo la kale litunzwe kwa matengenezo madogo ya mara kwa mara badala ya kuachwa lichakae kisha likajengwa upya kwa mbwembwe. Mwaka 1892 ikanunuliwa nyumba ya wazazi wa Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, yule ambaye sisi tulimfahamu kwa Kiswahili kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere. Nayo ni ya kiunzi cha miti na paa la kuezeka. Mwaka 1969 moto uliharibu sehemu ya nyumba hiyo. Ikatengenezwa, na watu wanaendelea kuizuru. Mwaka 1947 sheria ya mipango miji ikaweka utaratibu wa kuorodhesha majengo yenye thamani ya kihistoria, na leo mwenye nyumba iliyoorodheshwa haruhusiwi kuibadili apendavyo bila kibali.

Zingatia jambo moja katika utaratibu huo. Paa la kuezeka la Uingereza halidumu milele. Kwa kawaida huezekwa upya baada ya miaka kati ya 20 na 40, kutegemea aina ya majani na mahali. Udongo wa kukandika nao hubanduka na kukandikwa tena. Hakuna ofisa anayekuja na kusema: "Nyasi hizi ni za mwaka jana, kwa hiyo nyumba hii si ya kale." Sheria yao hailindi umri wa unyasi. Inalinda nyumba, na pamoja na nyumba inalazimu kuwapo kwa fundi wa kuezeka, mkulima wa majani ya kuezekea, na kijana anayejifunza kwa fundi. Ndiyo maana hadi leo Uingereza ina waezekaji wanaoishi kwa kazi hiyo.

Turudi nyumbani tuitazame sheria yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inaweka mpaka wa wakati: jengo la kale ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Waziri anao uwezo wa kutangaza mengine yalindwe, lakini ulinzi unaokuja wenyewe, bila kuombwa, ni wa majengo yaliyotangulia mwaka huo. Sasa piga hesabu. Speke aliketi na Rumanyika Bweranyange mwaka 1861. Kwa tarehe, nyumba alimoketi ingestahili ulinzi wa sheria yetu kwa tofauti ya miaka miwili. Lakini ilikuwa ya nyasi. Ili ibaki nyumba ilibidi iezekwe upya, nguzo zibadilishwe, pete zifungwe tena. Na kila ilipotengenezwa, kwa macho ya sheria ya namna hii, ilizaliwa upya na kupoteza umri wake. Msonge hauwezi kamwe kuwa wa kabla ya mwaka 1863. Ukitunzwa, ni mpya mno. Usipotunzwa, umeoza. Sheria ya namna hii ilitungwa na watu wenye picha ya ukuta wa matumbawe akilini, na ukuta wa matumbawe unaihudumia vizuri sana. Kwa nchi ya nyasi haina la kusema.

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasema: mwaloni wa Alfriston ni uleule wa karne ya 14, hata kama paa ni jipya, msonge hauna chochote kilicho kilekile. Ni hoja ya haki na inastahili jibu la haki.

Jibu la kwanza liko Japani. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya, kwa umbo lilelile, kwenye kiwanja kilicho kando ya kile cha awali. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, na ilihesabiwa kuwa ya 62. Hakuna Mjapani anayesema hekalu hilo lina umri wa miaka michache. Ni katika mji wa Nara, huko huko Japani, ambako mwaka 1994 wataalamu wa dunia walikubaliana kwamba uhalisi wa urithi hauwezi kupimwa kwa kigezo kimoja cha malighafi, bali pia kwa umbo, matumizi, ufundi na mapokeo ya jamii husika.

Jibu la pili liko karibu zaidi, kiasi kwamba tunapaswa kuona aibu kulisahau. Kasubi, Kampala, kuna nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza, ambayo alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Makabaka watatu waliofuata, akiwamo Mutesa wa Pili, nao wamezikwa hapo. Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikiwa ya miti, matete na nyasi. Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikajengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kilichoiwezesha kurudi si kumbukumbu za picha pekee. Walikuwapo watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa mapokeo ya Buganda ndio waezekaji wa nyumba hiyo, na elimu yao ikarithishwa kwa vijana katika kazi yenyewe. Nyumba iliungua, elimu haikuungua.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Karagwe na Kyerwa leo moto ungekuwa na kidogo sana cha kuunguza, lakini elimu ndiyo inayoteketea. Katika matembezi yangu Kyerwa nilizungumza na mzee mmoja aliyejenga misonge tangu ujana wake. Msonge wake wa mwisho alimjengea mfanyabiashara aliyetaka mahali pa wageni kupigia picha. Nilimuuliza, "Mzee wangu, umewafundisha vijana wangapi?" Akanijibu, bila uchungu wala majivuno, kwamba hakuna aliyemwomba. Jibu hilo limekaa nami kuliko takwimu yoyote ambayo ningeweza kuisoma.

Nisieleweke vibaya. Siandiki kuwataka wananchi warudi kuishi katika nyasi. Bati lilipokuja, wananchi hawakulipokea kwa ujinga. Walilipokea kwa hesabu. Bati halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu michache. Linateka maji ya mvua, na kwa mama aliyekuwa akiteremka bondeni na ndoo, hilo si jambo dogo. Haliwaki moto kwa cheche moja. Fedha ya kahawa ilipoingia mkononi mwa mkulima, bati lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyonunua, na alikuwa na haki. Zaidi ya hayo, nyasi zenyewe zimekuwa adimu. Mbuga za malisho zilizokuwa zikitoa nyasi za kuezekea zimegeuka mashamba ya migomba, mibuni, maharage na misitu ya mikaratusi. Anayemwambia mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi aache bati kwa ajili ya "utamaduni", huku yeye mwenyewe akilala chini ya vigae mjini, anafanya unafiki.

Wala siandiki kuurudisha utawala wa machifu uliofutwa kisheria mwaka 1963. Ikulu ya Bweranyange ilisimama kwa nguvu za raia waliotakiwa kukata miti, kubeba nyasi na kuezeka. Historia hiyo nayo isimuliwe, tena kwa sauti. Kwa kweli ndiyo sababu mojawapo ya kutaka msonge uhifadhiwe: mkono ulioujenga ulikuwa wa mwananchi, na mwananchi huyo naye alilala katika msonge wake mdogo. Waingereza walianza na nyumba ya mkulima. Nasi tunaweza kuanza hapo.

Ninachopinga ni kitu cha tatu, kilichokuja pamoja na bati lakini si bati. Ni aibu. Kampeni za nyumba bora, kwa nia njema kabisa, zilitufundisha kwamba nyumba ya nyasi ni alama ya umaskini na ujinga, na somo hilo tulilielewa kupita kiasi. Ng'ambo ya Mto Kagera, ndugu zetu wa Rwanda waliliendesha jambo hili kwa ukali zaidi: kampeni yao ya kutokomeza nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, ilikamilika mwaka 2011. Lakini Rwanda hiyohiyo imeijenga upya ikulu ya nyasi ya mfalme huko Nyanza, ikaifanya makumbusho. Unaweza kuipinga kampeni yao, na wapo walioipinga kwa sababu nzito za haki za watu. Lakini angalau walitenganisha maswali mawili. Nyumba ya kuishi maskini ni swali moja. Elimu ya kujenga ni swali jingine. Sisi tumeyachanganya yote mawili tukayafukia katika shimo moja.

Na elimu hiyo si pambo. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wetu wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Watu walipoteza maisha na maelfu ya nyumba ziliharibika. Nyingi kati ya zilizobomoka zilikuwa za matofali mabichi au ya kuchoma, yaliyojengewa kwa udongo, bila nondo wala mkanda wa zege. Matofali hayo ni mazito na hayapindi, yakitikiswa, huachiana. Kiunzi cha miti iliyofungwa hupinda na kurudi. Sidai kwamba msonge ni dawa ya tetemeko. Nadai kwamba jamii iliyojua kufunga kiunzi chepesi kinachonyumbuka ilikuwa na jambo la kumwambia mhandisi wa leo, kama mhandisi angelikuta bado lina msemaji.

Mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori ya magharibi kuwa hifadhi za taifa, na miongoni mwake zimo Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini tumelipa pori jina la Rumanyika kabla hatujaisimamisha nyumba ya Rumanyika. Mtalii atakayekuja kwa jina hilo atauliza, "Alikaa wapi mwenye jina?" Tutamwonesha kilima. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam kinaonesha nyumba ya msonge ya Wahaya, na kimefanya kazi njema tangu miaka ya 1960. Lakini si sawa kwamba mtoto wa Kayanga asafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuona namna babu yake alivyofunga fito.

Tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, halmashauri za Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zishirikiane kuwatambua mafundi waliobaki. Msonge hauujui mpaka wa utawala. Kila fundi aandikwe, na kila sehemu ya nyumba irekodiwe kwa jina lake la Kinyambo. Lugha ya ufundi hufa mapema kuliko ufundi wenyewe, na ikifa, hata picha haziwezi kusimulia. Kazi hii inaweza kufanywa na walimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo na maofisa utamaduni kwa gharama ndogo kuliko ya warsha moja ya hotelini.

Pili, ijengwe misonge miwili: mmoja mkubwa Bweranyange na mmoja wa mwananchi wa kawaida Kyerwa. Na hapa nawaomba wanaopanga bajeti wanisikilize kwa makini. Msonge usiwekwe katika bajeti ya miradi. Mradi huwa na siku ya uzinduzi, utepe na picha, kisha husahauliwa. Na nyasi hazisubiri mfadhili wa awamu ya pili. Uwekwe katika matumizi ya kawaida, pamoja na karatasi za ofisi na mafuta ya gari, kwa kalenda ya matengenezo inayojulikana, na kila tengenezo liwe darasa la vijana wanaolipwa posho na fundi anayelipwa ujira wa fundi. Moto uwashwe humo kila siku. Huo ndio utunzaji.

Tatu, litengwe eneo la nyasi na matete. Mwingereza anapanda majani ya kuezekea kama zao. Nasi tunaweza. Hata kijiji kimoja kikiwa na soko la uhakika la nyasi, mkulima atajua la kufanya. Hakuna haja ya kumhubiria.

Nne, sheria irekebishwe. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 tunayo, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, unaotambua ufundi na maarifa kuwa urithi, nchi yetu imekwisha kuuridhia. Kilichobaki ni sheria kuyafuata maneno hayo. Jengo la vitu vinavyooza lisipimwe kwa mwaka wa unyasi wake. Lipimwe kwa kuendelea kwa umbo lake na mnyororo wa mafundi wake. Wabunge wa majimbo yetu wanaweza kulianzisha jambo hili bila kusubiri waziri yeyote.

Gharama ya yote haya si kubwa, lakini muda ni mfupi. Pauni 10 za mwaka 1896 ziliokoa nyumba kwa sababu wakati ule waliokuwa na ujuzi wa kuitengeneza bado walikuwapo. Fedha huweza kupatikana mwaka huu au baada ya miaka kumi. Mzee wa Kyerwa hatapatikana baada ya miaka kumi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya msonge mna elimu iliyolea ufalme, ikapokea wageni wa dunia, ikawalaza wakulima na ndama wao katika baridi ya milima ya Karagwe. Mwenye ufunguo bado yu hai. Aombwe afundishe, alipwe kwa kufundisha, na ianze kabla ya masika yajayo.